Shemeji Hataki Kuchemshwa

Jumatatu, 11 Novemba

Nyuzi nane chini ya sifuri. Ziwa limeanza kushika utando wa barafu. Shemeji Oiva bado amenuna. Tangu dada yake, Aune wangu, atutoke, kila Jumamosi tulioga pamoja katika sauna yake, kile kibanda cha mvuke, tumenyamaza kwa heshima. Kisha nikanunua hili pipa la mbao la kuogea, lenye jiko la alumini ndani ya maji, nikaliweka uani. Hajanialika tena. Alisema mtu husafishwa kwa mvuke. Vinavyochemshwa ni viazi.

Azimio: Jumamosi hii Oiva ataingia pipani. Akiingia, tumepatana. Tena nimeshinda.

Jumanne, 12 Novemba

Kikwazo. Oiva alisimama uzioni akauliza kama nimeshamwaga maji ya pipa. Nikajibu yapo, yanamngoja yeye. Akasema baridi kali inakuja, barafu itapasua mbao. Nikamweleza nilivyosoma: gogo likielea majini, barafu hulibana gogo, mbao zikasalimika.

“Shemeji,” akasema, “na baridi nayo imesoma?”

Jeuri! Nimetia magogo mawili.

Alhamisi, 14 Novemba

Nyuzi ishirini na mbili chini. Kulipopambazuka, uani kukasikika mlio kama wa bunduki. Ubao mmoja wa pipa umepasuka juu hadi chini. Magogo salama kabisa.

Miaka yote niliyoishi nchi hii ya kina Aune sijajifunza kuipenda baridi. Nimejifunza kutoilalamikia mbele ya watu.

Ijumaa, 15 Novemba

Maji yamejimwaga. Limebaki bonge la barafu, limeling’ang’ania jiko. Nikawaza: nikiliwasha, barafu itayeyuka, mbao zitakauka, nitaziba ufa, kesho Oiva ataoga. Jiko limeandikwa lisiwashwe bila maji. Lakini barafu ni maji! Nikawasha.

Jiko liliinama taratibu, kama mzee anayetafuta kiatu chake. Kisha likalala.

Oiva aliona moshi, akaja mbio na koleo, akautupia moto theluji. Ulipozima akavua kofia. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba Aune angecheka mpaka akae chini. Akageuka kutazama ziwa. Nami nikatazama ziwa.

Alipofika uzioni akasema: “Kesho sauna itakuwa moto. Njoo na taulo, shemeji. Ushauri uache nyumbani.”

Jumamosi, 16 Novemba

Nilikwenda. Alimwagia mawe ya moto maji, mvuke ukatufunika. Kisha akanisugua mgongo kama zamani, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Sikulalamika. Yalinitoka machozi, nilisema ni mvuke. Akasema hata yake ni mvuke.

Jumamosi, 23 Novemba

Oiva amekwenda mjini, atarudi alasiri. Nimeamua kumlipa fadhila: atakuta sauna tayari. Mlango wake haufungwi kwa kufuli. Pembeni mwa jiko lake kuna tangi la chuma la maji ya kuogea, nalo ni tupu. Kila akimaliza kuoga hulimwaga, eti baridi isilipasue. Ukoo wa waoga, isipokuwa Aune.

Nimefikiri vizuri. Wajinga hutia maji kwanza, wakangoja saa nzima yapate moto. Mimi nitawasha kuni kwanza, tangi lipate moto hadi liwe jekundu, ndipo nitie maji ya ziwani. Yatachemka papo hapo. Atashangaa sana, shemeji yangu.