Gredi ya Sita Hawajui Kusonga

"Wengi gredi ya sita hawajui kusonga!"

Spika alisoma kichwa hicho cha habari kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa chifu, kisha akalishusha gazeti na kuwatazama wenzake. Ilikuwa saa nne. Misumeno ya kiwanda cha mbao pale Elburgon ilikuwa imenyamaza kwa mapumziko ya chai, na benchi la kibanda cha chai cha Mama Wachuka lilikuwa na wenyewe. Spika, kwa jina la kitambulisho Kiarie, alikuwa mnoaji misumeno kiwandani, na huu ulikuwa mwaka wa tisa akiwasomea wenzake gazeti. Kando yake aliketi Owino, fundi wa mashine, aliyeitwa Injinia ingawa cheti chake pekee kilikuwa cha ubatizo. Wa tatu alikuwa Kimeli, dalali wa viazi kutoka Kuresoi. Aliyebaki kumwita Kimeli ni mamake tu. Wengine wote walimwita Waru, yaani viazi.

"Kusonga nini?" Waru aliuliza.

"Ugali, boss! Kwani watu husonga nini kingine? Hata picha iko. Ona sufuria."

Kweli picha ilikuwapo. Watoto wa shule walikuwa wamepiga foleni, sahani mkononi, mbele ya sufuria ya kutosha kuogeshea ndama.

Injinia akapiga goti kofi. "Si nilisema? Hii mtaala mpya! Mtoto anaambiwa alete kuku, alete rangi, alete maganda ya ndizi, kesho alete babake. Kumbe mwiko hawajawahi kushikishwa!"

"Na mwiko ndio msingi," Waru alisema. "Mimi nikiwa na miaka saba nilikuwa nasonga ya watu kumi na wawili. Na upepo ikipiga. Na kuni mbichi."

"Nyinyi wawili mnyamaze," Wachuka alisema bila kugeuka kutoka kwenye karai la mandazi. "Injinia, ile ugali ulipika hapa nikienda matanga Molo, si ilitolewa kwa sufuria na patasi?"

"Hiyo ilikuwa ugali ya msingi wa nyumba, Mama."

"Iwekwe kwa mtihani wa taifa!" Waru alizidi kupanda. "Karatasi ya kwanza unga, karatasi ya pili maji. Ukiacha madonge, unarudia darasa!"

Spika alicheka pamoja nao, lakini kicheko hakikufika tumboni. Alijua jambo ambalo benchi halikulijua: hakuwa amesoma kitu. Kwa miaka yote tisa alikuwa akiamka saa kumi na mbili, anasikiliza redio ya mkewe, anazikariri habari, halafu anakuja kuzitoa gazetini kama mtu anayetoa chenji mfukoni. Siku ambazo redio haikutaja habari fulani, alishika herufi tatu nne za mwanzo, akaiangalia picha, akaruka. Na jana usiku stima ilikuwa imepotea Elburgon nzima. Redio ililala, na asubuhi hii Spika alikuwa anaruka gizani.

Ndipo Mwalimu Jerotich akaingia. Alifundisha shule ya msingi iliyo nyuma ya kiwanda, na saa kama hiyo alikuja kununua mandazi ya walimu wenzake. Waru alipomwona alisimama kama shahidi aliyeitwa kizimbani.

"Mwalimu! Afadhali umekuja. Niko na kesi mbili. Ya kwanza, Emmy wangu ako gredi ya sita, na nasikia kila siku saa nzima unamkalisha na watoto wa gredi ya pili. Msichana mrefu hivyo, magoti yanagonga meza! Watu wa Kuresoi wananiuliza kama amerudishwa nyuma. Ya pili, hamjamfunza kusonga."

"Kusonga?"

"Usijifanye, Mwalimu. Gazeti imeandika."

Jerotich aliomba gazeti. Spika alilishikilia kwa muda kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha vidole vikamsaliti vikaachia. Mwalimu akasoma kimya, akaangalia sufuria pale pichani, akaangalia uso wa Spika. Spika aliona kwamba amejua.

"Hii ni kusoma," Jerotich alisema taratibu. "Wengi gredi ya sita hawajui kusoma. Hii picha ni ya habari ya hapa chini, ya chakula cha shule."

Andazi moja likasikika likigeuka lenyewe kwenye mafuta.

"Ni miwani," Spika alisema.

"Wewe huna miwani," Wachuka alisema.

"Si ndio maana."

Lakini Injinia alikuwa tayari amesimama, kidole hewani, uso wa mtu anayekumbuka mahali alipopoteza jembe. "Ngoja. Ngoja kwanza. Ile siku ya diwani. Ulitusomea 'Diwani afariki'. Mimi nikalia hapa. Mama Wachuka akafunga kibanda nusu siku. Halafu saa tisa diwani mwenyewe akapita akiomba chai!"

"Ilikuwa 'Diwani afariji wafiwa'," Wachuka alisema kwa sauti ya chini. "Niliona baadaye nikifungia mandazi na hiyo karatasi. Nikasema ni wale wa gazeti walikosea, wakarekebisha."

"Na mbolea!" Waru alishika kichwa kwa mikono miwili. "'Mbolea yaonekana Molo!' Nikaenda na lori, na turubali, na vijana wanne! Nikafika nikakuta watu wamesimama kwa mvua wanalia!"

"Yakosekana," Spika alisema, akiangalia viatu vyake. "Nilikuja kusikia kwa redio jioni."

Aliinuka. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na hakuwa amewahi kuona njia ya kurudi kiwandani ikiwa ndefu hivyo, ingawa lango lilikuwa ng'ambo ya barabara tu. Kilichomuuma si kucheka kwao, kwa sababu hawakucheka. Walinyamaza, na kunyamaza kwa watu waliokuamini miaka tisa kunakata kuliko msumeno aliotoka kuunoa asubuhi.

"Mzee, kaa kidogo," Jerotich alisema. "Ulifika darasa gani?"

"La tano."

"Ulipokuwa ukisoma, neno likikushinda, mwalimu alikuwa anafanya nini?"

Spika hakuwa ameulizwa swali hilo na mtu yeyote, hata mkewe. "Alikuwa na fimbo ya mti mbichi," alisema. "Ukikwama, unachapwa papo hapo. Lakini ukitaja neno lolote haraka na uendelee, pengine hasikii. Kwa hivyo nilijifunza kutokwama."

Jerotich alivuta kigoda akaketi, mandazi ya walimu yakapoa. "Hivyo hivyo ndivyo Emmy anavyofanya," alimwambia Waru. "Si mjinga. Ni mjanja kupita kiasi. Anashika mwanzo wa neno, anatazama picha, anabuni mwisho. Gredi ya tatu alipita hivyo, kwa sababu vitabu vina picha kubwa. Gredi ya sita picha zimekwisha. Nikimwachia kitabu cha gredi ya sita ni kama kumpandisha ghorofani bila ngazi. Kwa hivyo simpangi kwa urefu wa magoti, nampanga kwa kile anachojua. Tunaanza na sauti za herufi, tunaziunganisha, tunasoma neno mpaka mwisho wake, tunarudia kwa sauti. Kila Ijumaa namsikiliza dakika moja, najua amesonga ama amekwama."

"Kusonga tena," Injinia alinong'ona.

"Na nani amesema hiyo njia inafanya kazi?" Waru aliuliza, lakini ukali ulikuwa umemtoka.

"Imepimwa kwa watoto wengi kabla haijaletwa kwangu. Hata mimi sikuiamini. Emmy alipoanza alisoma maneno kumi na tisa kwa dakika. Ijumaa iliyopita alisoma arobaini na nne. Hajakwambia?"

Waru alikisukuma kikombe chake kando. "Alitaka kunisomea kitu juzi," alisema. "Nikamwambia mimi nasomewa na Spika."

Jerotich akaweka gazeti mbele ya Spika, akafunika picha kwa sahani ya Wachuka. "Neno hili. Usiruke. Kukwama kunaruhusiwa hapa."

Spika alitazama huku na huku kama anayetafuta ile fimbo ya mwalimu wake. Kisha akaweka chini ya herufi kidole chenye makovu ya misumeno. "Ku," alisema. "So." Kidole kikakwama hapo, jasho likamtoka, na kwa mara ya kwanza maishani hakuruka. "Ma."

"Sasa pamoja."

"Kusoma."

"Haiya!" Wachuka alipiga kelele, akapoteza mandazi mawili.

Tangu siku hiyo mambo ya benchi yalibadilika. Jerotich alimpa Spika karatasi za silabi na masharti: aya moja kwa siku, kidole chini ya neno, picha ifunikwe, na asiyesoma asibuni. Wiki ya kwanza, taarifa ya hali ya hewa ilichukua siku mbili, na mvua iliyotabiriwa ikanyesha na kukauka kabla Spika hajaifikia. Injinia alilalamika kwamba zamani habari zilikuwa nyingi. Spika akamjibu kwamba ndiyo, na nusu yake zilikuwa zake mwenyewe. Waru naye hakusema tena kuhusu magoti ya mtu. Jioni alikaa jikoni, akasomewa na Emmy kuhusu sungura, na kesho yake akaja kusimulia benchini mambo ya sungura kana kwamba ni ya bungeni.

Katika mwezi wa tatu wa masomo hayo, asubuhi moja Spika alifungua gazeti akakuta jina la kwao Waru. Alikaa vizuri.

"Ba-ra-ba-ra," alisoma. "Barabara. Ya. Ku-re-so-i. Kuresoi!"

Waru akaweka kikombe chini. Barabara hiyo ndiyo iliyomvunjia lori mara mbili mwaka huo.

"Ku," Spika aliendelea. "Ka."

"Kukatwa!" Injinia alisema.

"Kukatazwa!" Wachuka alisema.

"Hakuna kubuni!" Spika alifoka. "Ku. Ka. Ra."

King'ora cha kiwanda kikalia. Mapumziko yalikuwa yamekwisha, lakini hakuna aliyeinuka. Makhanu, msimamizi wa kiwanda, akavuka barabara amefura. "Nyinyi! King'ora hamsikii? Mnangoja nini?"

"Tunangoja kitenzi," Injinia alimwambia. "Kaa hapo, kiko karibu."

"Ba," Spika alisema. Jasho lilimtiririka puani. Makhanu aliangalia saa, akaangalia kile kidole, akakaa. "Ti. Wa." Spika alifunga macho, akarudi mwanzo, akaliunganisha neno lote polepole. "Ku-ka-ra-ba-ti-wa. Kukarabatiwa. Barabara ya Kuresoi kukarabatiwa!"

Benchi lililipuka. Waru alimkumbatia Spika mpaka chai ikamwagika, Injinia alicheza, Wachuka alipiga vigelegele, na Makhanu alijikuta ameshikana mikono na watu aliokuja kuwafukuza.

"Lini?" Waru aliuliza akihema. "Spika, soma upesi! Inakarabatiwa lini?"

Spika aliangalia mstari wa pili, ambao ulikuwa mrefu, akaangalia lango la kiwanda, kisha akalikunja gazeti polepole na kulitia mfukoni.

"Hapo bado sijafika," alisema akiinuka. "Na serikali pia bado."