Fundi Mwaminifu Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 4 Agosti

Shemeji Mapenzi, mjane wa marehemu kaka yangu, ameamua. Mwanarusi, binti yao, anapelekwa kwa mumewe Kinondo Jumamosi baada ya alasiri, na gari la bibi harusi ni langu. Kwa sharti moja. Lisikohoe. Atakuja kulikagua Ijumaa asubuhi, na likikohoa hata mara moja kazi anapewa Japheth, jirani yangu mwenye teksi nyeupe ya hoteli. Japheth ameshanunua utepe wa kufunga kwenye boneti. Nimeuona. Wa waridi.

Haiwezekani. Kaka aliniambia kwa kinywa chake, akiwa kitandani, kwamba siku ya Mwanarusi nitakaa mahali pake. Sikuitikia kwamba nitafuata nyuma ya teksi.

Gari langu ni la mbio, la Kijapani, milango miwili, rangi ya samawati. Nililinunua kwa mpishi wa Diani aliyekuwa anarudi bara. Ummi, mke wangu, hulitaja kwa majina ya ng'ombe watatu tuliowauza. Lakini ng'ombe hawakuwa na turbo. Kila nikifungua boneti nashusha sauti, kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe.

Sasa linataka fundi wa kuliondolea kikohozi na kuliongezea nguvu. Mafundi nawajua. Unaacha gari zima, unachukua ganda. Kwa hiyo nimepanga mtihani. Nimechomoa waya mmoja mdogo karibu na chujio la hewa. Atakayeniambia ukweli ndiye fundi wangu. Tena nimetia alama ya rangi ya kucha, nyekundu, kwenye kila kinachoweza kuibwa: plagi, mipira ya maji, mikanda. Ummi ameuliza chupa yake iko wapi. Nimesema sijui.

Jumanne, 5 Agosti

Ukunda. Gereji ya kwanza ina milango ya vioo na mafundi waliovaa nyeupe. Wamechomeka kompyuta kabla ya kunisalimia. Nimesimama mdomo wazi. Kompyuta imetaja maradhi kumi na saba! Sikujua gari linaweza kuwa na maradhi kumi na saba na likafika kwa miguu yake. Wamesema injini imekufa. Nimesema nimekuja nalo likinguruma. Wamesema ndivyo zinavyokufa hizi, zikitembea. Waya hawakuutaja.

Gereji ya pili, fundi anaitwa Musau. Ameniita buda, kama vijana wa mjini wanavyowaita wazee. Amesema tukiipiga boost, yaani tukiitia nguvu, inapaa, nisijali. Alikuwa akisema hayo huku akiyaangalia magurudumu yangu kwa mapenzi. Nimeondoka kabla hajayagusa.

Nimepita kwa Japheth nikirudi. Alikuwa anaosha teksi. Ameuliza kwa upole mno kama gari limepona. Nachukia upole ule.

Jumatano, 6 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Nyuma ya kinu cha kusaga unga kuna fundi mwanamke, Mkamba wa Shimba Hills, anaitwa Ngina. Hana kioo wala kompyuta. Ameniamkia shikamoo mzee. Nina miaka arobaini na tisa. Nimeitikia marahaba nikameza.

Ameniambia niwashe gari. Akamwomba mwenye kinu azime kidogo, na mwenye kinu akazima, na wateja wote na madebe yao wakanyamaza. Ngina akachukua bisbisi ndefu, ncha akaiweka juu ya injini, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Hivyo tu. Dakika nzima. Mimi nimesikia khutba nyingi lakini sijawahi kukaa kimya namna ile.

Akafumbua macho, mkono ukaenda moja kwa moja kwenye ule waya. Amesema haukuharibika, umechomolewa, na aliyeuchomoa si fundi. Kisha akaangalia vidole vyangu. Nyekundu mpaka kwenye kucha. Nimesema ni hina, tuna harusi. Amesema hongera.

Waya ameurudisha bila malipo. Kikohozi, amesema, ni kitu kingine, ni plagi zilizoisha. Na mpira mmoja wa radieta umepasuka kwa ndani. Nguvu ataongeza kidogo, kiasi injini inachoweza kubeba. Ana kanuni yake: mteja anakaa kwenye benchi na kutazama kila kinachotoka na kila kinachoingia, na vya zamani anakabidhiwa mwenyewe kwenye gunia, ili pasiwe na maneno. Nimekaa. Nimetazama kwa makini sana hadi saa sita. Kisha nadhani nililala.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimelichukua. Subhanallah.

Kutoka Ukunda hadi Msambweni sikuwa dereva, nilikuwa mgeni. Unakanyaga kidogo na miti inarudi nyuma. Mlio umebadilika, umekuwa mzito na wa heshima. Pale Kinondo nimesimama kando ya barabara nikalia kidogo. Sioni aibu kuandika. Nilitamani kaka aone.

Nimefika nyumbani, nimemwita Ummi nimwonyeshe. Nikafungua boneti. Plagi: hakuna nyekundu. Mpira wa radieta: hakuna nyekundu. Nikamwaga gunia. Vyote vimo, na alama zangu juu yake.

Kumbe kaniibia vya asili, vilivyotoka na gari Japani, akanitilia vya dukani. Ummi amesema mwizi gani anakuibia kisha anakurudishia mkononi. Nimemwambia hapo ndipo ulipo ujanja wenyewe. Ummi akaenda kuteka maji.

Ijumaa, 8 Agosti

Asubuhi Shemeji Mapenzi amekuja kukagua. Gari limenguruma, halikukohoa. Amezunguka mara mbili akitafuta kasoro, akakosa, akasema sawa. Mwanarusi ameniamkia, akaingia, akaweka mkono kwenye dashibodi, akasema, "Ami, nitakaa mbele na wewe. Kama ningekaa na baba." Nilijifanya natafuta kitambaa.

Ndiyo maana siwezi kumbeba na vitu vya dukani. Baada ya sala nimefunga plagi zangu nne na mpira wangu wa radieta kwa mikono yangu mwenyewe. Vile vya Ngina nimevitupa kwenye gunia. Mpira wa zamani unang'aa. Niliupaka mafuta mwenyewe. Nani aniambie umepasuka?

Jumamosi, 9 Agosti

Tumetoka kwetu Munje kwa vigelegele. Mwanarusi mbele, amefunikwa kwa shela. Somo wake, Bi Kahaso, mama mnene aliyemfunda, kiti cha nyuma, tulimsukuma watu watatu. Gari lilikohoa getini. Nilipiga honi juu yake.

Hatujafika lami, boneti ikatoa mvuke. Mwingi. Ukaingia madirishani, shela ikalowa. Injini ikazima, na msafara wote ukasimama nyuma yetu.

Japheth alishuka. Hakucheka. Alifungua mlango wa teksi na kungoja, kichwa chini. Shemeji Mapenzi akamwambia binti yake ahame. Mimi nilikuwa nimeshika usukani wa gari lililokufa na nilijua nimemwangusha kaka.

Mwanarusi hakuhama. Alisema, kwa adabu lakini mbele ya watu wote, kwamba atashuka Kinondo kutoka gari la ami yake hata ikifika Jumatatu.

Ndipo mlango wa gari la wanawake ukafunguka akashuka Ngina. Ummi alikuwa amemwalika. Dera la njano, leso begani, spana kwenye mkoba. Nyuma yake Ummi, amebeba gunia. Alilichukua asubuhi bila kuniambia.

Ngina alitazama ule mpira wenye alama nyekundu. Akanitazama. Alingoja injini ipoe, wanawake wakaimba nyimbo tatu. Akafunga mpira na plagi kutoka guniani, dera halikupata hata doa. Akina mama wakatoa chupa zao zote za maji ya kunywa. Gari likawaka kwa mlio ule ule wa heshima. Watu arobaini kwenye vumbi, na wote tulinyamaza.

Mwanarusi alishuka Kinondo kutoka gari langu. Nilimshika mkono hadi mlangoni.

Jumapili, 10 Agosti

Nimepumzika na kufikiri. Kosa lilikuwa uzito wa Bi Kahaso. Hakuna mpira wa radieta duniani unaostahimili mtu wa namna ile kwenye barabara ya mchanga. Nimemweleza Ummi.

Mwanarusi amepiga simu kunishukuru. Kisha akampa mumewe. Kijana mwenye heshima, hupeleka watalii Funzi kwa boti yake, na hiyo boti ndiyo riziki yao wawili. Injini imeanza kukohoa. Ameuliza kama namjua fundi wa kuaminika.

Nimewaza sana kuhusu Ngina. Fundi wa ajabu, sijaona mfano wake. Lakini kijana ndiyo kwanza ameoa, na huyu sasa ni mwanangu. Nimemwambia asimpe mtu baki. Ailete kwangu, nitaifungua mwenyewe.

Analeta Jumanne. Nimemwomba Ummi azime redio. Nimeshaanza kujizoeza na bisbisi sikioni.