Mfuko Mweusi Barazani

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Mikumi.

Mashabiki sita kutoka Mbeya, waendao Dar es Salaam kutazama michuano ya Afrika, watalala kwangu kesho. Wageni wa kwanza tangu masika! Odilia, mke wangu, ametamka bayana kwamba vyumba vikibaki vitupu tena, atafugia kuku humo. Herman, mwenye nyumba ya wageni ng'ambo ya barabara, ana televisheni kubwa. Mimi nina usalama. Nimebandika tangazo: "Kwa kuzingatia tishio la ugaidi duniani, kila mzigo utakaguliwa na Ndugu Evarist binafsi." Herman amelisoma, akauliza iwapo gaidi naye atapewa chai. Nitamjibu kwa maandishi.

Jumanne, 5 Agosti.

Wageni wamewasili saa kumi. Nimewakagua dakika arobaini. Nimezuia vuvuzela mbili hadi uchunguzi ukamilike. Wamenung'unika. Ndipo nikaona barazani mfuko mweusi usio na mwenyewe! Nimeuliza mara tatu, kwa sauti rasmi, ni wa nani. Mfuko ukasogea. Wenyewe! Nikapuliza filimbi, nikaamuru wote walale kifudifudi. Hawakulala. Walikimbilia kwa Herman, na mizigo yao.

Askari wawili walioitikia filimbi yangu wakaufungua mfuko kwa fimbo. Jogoo!

Mwenye mfuko alikuwa jikoni: mama mkwe, Bibi Paulina, kutoka Kidete. Kwa heshima ya ukwe hapiti mbele yangu. Aliacha zawadi yangu barazani, akazungukia uani. Odilia alikuwa sokoni. Mama alinisikia nikiuliza, lakini hawezi kupaza sauti mbele ya mkwewe. Askari mmoja akaniambia, "Shikamoo mzee. Huyu gaidi tumtie pingu, au utamchinja mwenyewe?"

Sikuitikia marahaba.

Jumatano, 6 Agosti.

Alfajiri nimemwandikia Herman kudai nirejeshewe wageni wangu, nakala kwa mtendaji wa kata. Amejibu nyuma ya karatasi hiyohiyo: wageni wanaomba vuvuzela zao. Nimezipeleka. Wamezipuliza mlangoni pangu, zote mbili, hadi gari lao lilipoondoka.

Alhamisi, 7 Agosti.

Odilia ametimiza neno lake. Jogoo amehamia chumba namba moja. Nimemwandikisha katika kitabu cha wageni. Atokako: Kidete.

Mashabiki watapita tena Jumamosi wakirudi Mbeya. Nimetafakari kwa kina, na kosa nimelibaini: tangazo lilikuwa dogo. La sasa linafunika ukuta mzima, kwa rangi nyekundu. Jogoo nimemteua kuwa mlinzi wa zamu ya alfajiri. Nimemsomea barua ya uteuzi, aya zote nne.

Hakupinga.