Kesi ya Maluki Kufa Makusudi

Jumatatu, 9 Machi

Tumeshindwa tena. Timu yangu ya watu watano, mchezo wa simu wa kulinda ngome, na jamaa mmoja anakufa kama nzi. Maluki. Ana duka la hardware hapa Gatongora, mtu mpole, salamu nyingi. Sasa mtu mpole anaingiaje peke yake katikati ya maadui? Mimi nachomelea mageti na hesabu nimejifundisha mwenyewe. Zaidi ya nusu ya vifo vyetu ni vyake. Na juzi alipeleka simiti Membley. Jumapili tunacheza na nani? Membley! Atakayeshinda anaingia mashindano ya kaunti. Huyu anatuuza.

Jumanne, 10 Machi

Nimeleta nidhamu. Nimetangaza kwenye grupu kwamba timu sasa itaendeshwa kama chama: anayekufa makusudi atawakaribisha wenzake kwake na kuwapikia. Adhabu safi. Nzisa na mumewe walikubali haraka (hawa hupiga kura pamoja hata wakiwa wamenuniana). Waruguru, binti wa dada yangu anayesoma Juja, akauliza makusudi yatapimwa vipi. Nikamjibu kwamba mwenyekiti ndiye kipimo. Mwenyekiti ni mimi. Maluki akahukumiwa hapo hapo. Alisema sawa tu, hata hakujitetea. Hatia tupu.

Alhamisi, 12 Machi

Tumekula kwa Maluki. Kosa kubwa. Kuku wa kienyeji, chapati laini, muthokoi wa kukaangwa, yale mahindi yaliyokobolewa. Nzisa alifungiwa chapati za kubeba. Mumewe akauliza kwa heshima kama Maluki hawezi kufa tena kabla ya Jumapili. Wakacheka! Maluki mwenyewe akanisukumia sahani.

“Ongeza nyama, mwenyekiti. Wewe ndiye unaumia kutupigania.”

Nikaongeza. Lakini nilielewa: jaji ananunuliwa kwa paja la kuku. Kabla ya chai kwisha, walikuwa wakisema Maluki angefaa kuwa kapteni Jumapili. Kapteni! Kwa timu niliyoianzisha mimi, nikiwafundisha mmoja mmoja pale karakana.

Ijumaa, 13 Machi

Mtego. Nitashindwa makusudi mimi mwenyewe, nione kama Maluki atafurahi. Sikumwambia mtu, uchunguzi ni siri. Mechi ikaanza, nikaenda kusimama mbele ya ngome ya maadui, mikono mitupu, wanichinje. Wakanichinja. Nikafufuka, nikarudi pale pale. Maluki hakufurahi. Kila mara alikuja mbio kuniokoa, akafa pia. Inatia shaka sana.

Mechi ilipokwisha, Nzisa, mumewe na Waruguru waliniripoti kwa wenye mchezo. Akaunti yangu imefungwa mpaka Jumanne. Maluki pekee ndiye hakuniripoti. Anaficha nini?

Jioni Waruguru akapita karakana na rekodi za mechi zetu kwenye simu.

“Anko, kila mahali Maluki anakufa, hebu angalia ni nani anatoroka nyuma yake.”

Nikaangalia. Ni mimi. Mechi baada ya mechi, mgongo wangu.

“Anakufa ndio wewe upone. Wewe ulifikiri ni ujuzi?”

Nikamwambia hizo rekodi zimechukuliwa upande mbaya. Akanitazama, akachukua mkoba wake, akaenda zake. 

Jumapili, 15 Machi

Baada ya kanisa tulikutana kwa Maluki. Mdogo wake Nzisa alicheza nafasi yangu. Kapteni Maluki. Mimi nilishika chaja.

Wameshinda. Wamemaliza kabla uji haujapoa. Tena Maluki hakufa hata mara moja! Akawaacha waliokuwa wakimbeba kwa shangwe, akaja kunipa mkono, akasema bila mimi timu haingekuwepo, na kwamba Jumanne nikifunguliwa kiti changu kipo. Nikamshukuru. Karibu nitokwe na machozi.

Lakini nimefika nyumbani nimepiga hesabu. Timu bila mimi, inashinda haraka hivyo? Haiwezekani. Nimejumlisha kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu, jibu linatoka lile lile: Membley wameshindwa makusudi, ili nionekane mzigo.

Nimeshamwandikia kapteni wao hukumu yake. Tutaenda kula kwake Jumamosi, watu sita, na mmoja wetu hali nyama ya mbuzi.