Tuletewe Mlima Waberi

Chama cha Watembeaji wa Masafa,
Waberi, Garissa.

Kwa Afisa wa Michezo,

Assalamu aleikum, Mheshimiwa,

KUH: KUPATIWA MLIMA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na feni ya ofisi ikizunguka. Mimi ni Kerrow Nunow, karani mstaafu na katibu wa chama cha watu saba. Mwezi wa nane tulikwenda nyanda za juu kushiriki matembezi ya siku tatu mlimani. Nasikitika kuripoti kwamba hatukumaliza hata siku ya kwanza. Malalamiko yetu ni haya:

1. Hakuna aliyetueleza kwamba njia inaweza kupanda. Kutembea tunajua. Mwenzetu Deeq aliwahi kuswaga ngamia kutoka Eldas mpaka hapa, na hakulalamikia chochote ila ngamia. Lakini alipoutazama mlima ule aliketi, akaniuliza kwa upole, "Hii barabara nani ameisimamisha?" Tukiwa tumeketi naye, alitupita bibi wa miaka sabini na mzigo wa kuni. Akatupa pole. Mheshimiwa, hiyo pole bado inaniuma.

2. Tuliporudi tuliamua kujinoa. Kwa kuwa mwinuko wetu mkubwa ni tuta la barabarani karibu na soko, tulihamia ngazi za jengo moja la ghorofa nne, kila mtu na kilo ishirini za mchele mgongoni. Mlinzi alitukamata mara mbili: mara ya kwanza kwa kuingiza mchele, ya pili kwa kuutoa.

3. Ghorofa ya tatu anaishi Mama Ardo. Yeye haamini kwamba mtu mzima anaweza kupita mlangoni pake akihema bila kuwa na njaa. Tukipanda, anjera na chai ya maziwa ya ngamia. Tukishuka, vivyo hivyo. Kukataa ni kukosa adabu. Kwa wiki sita hakuna aliyeiona ghorofa ya nne, nami mshipi umenikataa.

4. Mke wangu Sahra anawaambia majirani kwamba nimeajiriwa upya, kazi ya kuchosha ngazi.

Kwa hiyo tunaomba mlima. Si mkubwa. Kule juu wanayo mingi, mingine imekaa tu bila kazi, imefunikwa ukungu kama inafichwa. Tuazimwe mmoja. Ikiwa hausafirishiki mzima, uletwe vipande, tutaupanga wenyewe. Nasi tutawapa tambarare, wachague wanayotaka.

Nisalimie ofisi nzima, hasa yule dada wa mapokezi aliyezisoma barua zangu tatu za awali bila kucheka mbele yangu.

Ni mimi, ningali chini,
Kerrow Nunow, Katibu.

N.B. Nikiwa nafunga bahasha, nimepata habari kwamba matembezi ya mwaka ujao yatafanyika huku kwetu: kilomita sitini za mchanga mtupu, jua la adhuhuri, na watu wa milimani wamekwisha kujiandikisha. Mlima usiletwe. Ikiwa umeshapakiwa, urudisheni kwa wenyewe, na muwaambie tunawasubiri kwa hamu.