Alhamisi ya Ivonne

Jumatatu, 9 Juni

Ivonne ametangaza. Alhamisi ndoa yetu inatimiza miaka arobaini, na siku hiyo ni yake, nzima, toka kahawa ya asubuhi mpaka aiskrimu ya jioni. Tutazunguka Bologna kama watalii. Tumezaliwa humu wote wawili, minara tunaiona dirishani, lakini wapi, lazima kama watalii! Nikasema sawa, mke wangu. Akasema ngoja, sijamaliza. Ukisimama kwenye uzio wa ujenzi hata mara moja, Ermes, naenda Rimini kwa Marisa na sirudi. Marisa ni dada yake. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Bado ana kinyongo cha mwaka jana. Siku kama hiyo mwaka jana walikuwa wanamwaga zege. Zege halimngoji mtu! Niliporudi nyumbani meza ilikuwa na mishumaa iliyokwisha na tortelini, zile tambi za kujazwa nyama, zilizoganda. Nilizila hivyo hivyo, nikazisifu. Haikusaidia.

Mimi si mtu wa anasa. Sinywi kupita kiasi, sichezi karata. Tangu nistaafu udereva wa basi nina tundu langu tu, la tatu kutoka kona, kwenye uzio wa mabati wa shimo wanakochimba njia ya tramu. Nasimama hapo, mikono nyuma, kama mzee yeyote wa mji huu mwenye akili timamu. Nawaangalia mafundi. Nikiona kosa nawaambia. Shukrani sidai.

Jumanne, 10 Juni

Balaa!

Msimamizi wa shimo kasema Alhamisi kabla ya adhuhuri kreni itashusha njia panda ya reli. Chuma kizima, kipande kimoja, kizito kuliko mabasi yangu yote. Kitu kama hicho hakijashushwa Bologna tangu niwe na macho. Na ni Alhamisi!

Learco alikuwepo. Huyu Learco alikuwa muuza nyama, kastaafu mwaka huu tu, bado mgeni uzioni, tundu lake ni la tano na lina nguzo katikati. Alifurahi waziwazi. Pole sana, mzee mwenzangu, akasema, wewe ule aiskrimu yako na bibie, tundu lako nitakulindia. Nikamwambia tundu langu lina mwenyewe. Akasema, mwenyewe naye ana mwenyewe. Wenzetu wote wakaangua kicheko. Nimekosa hamu ya chakula. Nimekula kidogo tu, sahani mbili.

Jumatano, 11 Juni

Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimepata!

Pale piazza, uwanja mkuu wa mji, chini ya lile dari la matao, kuna pembe za kunong'onezana. Kila mtoto wa Bologna anazijua. Mmoja anasimama pembe hii, uso ukutani, mwingine pembe ya pili, uso ukutani, na mnong'ono unapanda darini na kumfikia mwenzako kama uko sikioni mwake. Wapenzi wanapanga foleni. Ivonne mwenyewe amezitaja, tuliwahi kwenda tukiwa wachumba.

Na shimo la tramu liko nyuma tu ya hapo. Uso wa Ivonne utakuwa ukutani! Hataona kitu. Kinachotakiwa ni mtu wa kushika pembe yangu na kunong'ona.

Nimempata Oreste. Mjane, zamani alikuwa mgonga kengele kanisani, mtu mtaratibu, sauti yake na yangu ukutani hazina tofauti. Mwanzoni alikataa. Akasema ni dhambi. Nikamwambia dhambi ni kumwacha bibi wa watu ananong'ona peke yake bila wa kumjibu. Akafikiri. Kwa sahani moja ya lazanya kakubali. Nimemwagiza aseme "mpenzi wangu" na "ndiyo" basi, asiongeze mengine.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika nikiwa peke yangu. Nitaeleza kwa utaratibu ili iwe wazi kwamba kosa si langu.

Asubuhi mambo safi kabisa. Ivonne alivaa gauni la bluu na viatu vipya. Tulikunywa kahawa tukiwa tumesimama, tukala mortadela sokoni, ile soseji nene ya kwetu, imekatwa nyembamba, juu ya mkate wa moto. Muuzaji akamwuliza Ivonne, bibi, huyu ni mumeo au baba yako? Ivonne alicheka mpaka akanishika bega. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo.

Tukatazama kanisa la San Petronio. Nusu ya chini marumaru, nusu ya juu matofali tupu, tangu enzi za mababu hawajamaliza. Roho iliniuma. Ni wazi hakukuwa na mzee hata mmoja uzioni. Lakini sikusema! Nilisema tu, kanisa zuri.

Kisha minara. Ule ulioinama wanautengeneza, umezungushiwa uzio pande zote. Mtego! Nikafumba macho. Kabisa. Nikamwambia Ivonne nishike mkono univushe, nisije nikavunja ahadi. Akanivusha kama kipofu, watu wakitushangaa, na nilipofumbua macho alikuwa ananitazama kwa namna ambayo karibu niache mpango wote. Akasema, Ermes, kumbe ukitaka unaweza. Nilijisikia mtu mwema. Nakiri nilijisikia vizuri sana.

Halafu nikasikia honi ya kreni.

Nikampeleka kwenye pembe za kunong'onezana. Nikamgeuza uso ukutani, nikamwambia asigeuke, uhondo utaharibika. Akasema vizuri, kwa sababu ana jambo la kuniambia, na akinitazama usoni haliwezi kumtoka. Nikasema liambie ukuta, mke wangu, ukuta utanifikishia. Oreste akaingia pembe yangu. Nikatimua mbio. Mzee wa miaka yangu!

Learco alikuwa kwenye tundu langu. Nilimsukuma kwa kiuno, akanisukuma, tukaelewana kugawana, jicho lake moja, langu moja. Na chuma kikashuka. Mama yangu! Polepole, kikizunguka kidogo hewani, mafundi wakipiga miluzi. Machozi yalinilenga. Kikatua.

Mtu aliyekuwa upande wangu wa pili akauliza, kimekaa sawa? Sikutoa jicho tunduni. Nikasema hapana, kushoto kimezidi kidogo, lakini hawa watoto hata ukiwaambia hawasikii. Akauliza, na mke wako je, umemwacha wapi? Nikasema yuko salama, nimemwelekeza ukutani.

Learco ndiye aliyenikanyaga mguu.

Alikuwa Ivonne. Kasimama na mikono nyuma, kama sisi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Akasema, kweli, kushoto kimezidi, kisha akageuka na kwenda zake kituo cha treni kwa viatu vyake vipya.

Nilikuwa nimeweka nafasi ya meza ya watu wawili mkahawani kwa chakula cha mchana. Tortelini kwenye supu. Nilikwenda, maana kutokwenda ni utovu wa adabu. Nilikula yangu, kisha yake. Supu nzuri. Nilizila zote na sikusikia ladha.

Ijumaa, 13 Juni

Nimemkamata Oreste. Anasema yeye alifuata maagizo. Alinong'ona, mpenzi wangu, kwa heshima zote, Bi Ivonne. Kwa heshima zote! Nani anaongea hivyo na mkewe? Oreste kasema hakuweza kumwita mke wa mtu mpenzi wangu kavukavu, hakulelewa hivyo.

Kwa hiyo alijua palepale. Lakini hakugeuka, kasema Oreste. Alisema, Oreste, najua ni wewe, lakini acha niseme tu, nisipolisema leo sitalisema tena. Akalisema lote.

Nikamwuliza alisema nini. Oreste akatoa leso. Akasema halikuwa lake la kusikia na si lake la kulisimulia. Nikamwahidi lazanya ya pili. Akatikisa kichwa. Akasema tu, Ermes, kama marehemu mke wangu angeniambia maneno yale, ningeuza nyumba siku ileile. Kisha akapenga kamasi, akaenda.

Sijalala. Ivonne kasema nini? Miaka arobaini anaongea na mimi kila siku na sikuwahi kutaka kujua kiasi hiki.

Jumapili, 15 Juni

Nimekula mortadela. Tena. Nyumba kimya. Nimeita "Ivonne, chumvi iko wapi" mara mbili kabla ya kukumbuka. Kesho nakwenda Rimini. Nitamwomba anirudie mimi, na arudie maneno yake, na mimi nitasikiliza kwa masikio yote mawili. Naapa.

Jumatatu, 16 Juni, Rimini

Nimefika. Marisa alifungua mlango, akanitazama juu mpaka chini, akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikampa mortadela niliyombebea. Akanipisha.

Ivonne alikuwa sebuleni. Nikamwambia ukweli: nyumba bila wewe ni banda la kuku. Nikamwambia nimekuja kusikia lile la ukutani. Akasema, nitalisema mara moja tu, Ermes, kaa hapo, nitazame mimi.

Nikakaa. Nikamtazama. Yeye mgongo wake ulikuwa dirishani.

Na pale chini, kando ya ufuko, wanachimba! Mtaro wa mabomba, mrefu, sijaambiwa na mtu yeyote! Katapila jipya, la manjano, na bomba linaning'inia nyuma tu ya sikio la kushoto la Ivonne. Sikugeuza kichwa hata kidogo. Nilimtazama yeye, kasoro macho. Lile bomba lilikuwa linaingia kichwachini! Fundi halioni. Nikasema kimoyomoyo, ligeuze, ligeuze, na kwa rehema za Mungu akaligeuza, likakaa.

Nikashusha pumzi. Hapo Ivonne alikuwa anafuta machozi. Akasema ameona jinsi nilivyoguswa. Akaniuliza, sasa unakubali, Ermes, kwa moyo wako wote? Nikasema ndiyo.

Alinikumbatia. Nilimshika kwa nguvu, na sitanii, nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya reli. Marisa naye akalia. Akaenda akarudi na funguo za nyumba ya juu, ile isiyo na mpangaji, akaniwekea mkononi, akasema hongera, shemeji, sikutegemea. Nikasema asante. Watu wa pwani wakarimu sana.

Jioni nilishuka kununua mkate na nikapita uzioni, dakika chache tu. Fundi kasema Ijumaa wanafukia na kuondoka. Nikamwuliza baada ya hapo wanachimba wapi. Kasema hakuna, mzee, baada ya hapo ni mchanga mpaka majini. Hakuna mradi mwingine hapa. Maskini wakazi wa huku! Watasimama wapi?

Kesho mapema nitampigia simu Oreste anieleze nimekubali nini.