Wajane Wanne wa Mzee Osukuku

Jumanne, 11 Machi

Msonyo. Mrefu, mkavu, kama kitambaa kinachochanwa. Bado uko masikioni. Mama Rosebella aliutoa asubuhi, hapa studioni kwangu, nilipomsikilizisha tangazo nililorekodi la kifo cha mumewe, Mzee Osukuku. Nilikuwa nimepanga majina ya wajane kwa alfabeti. Akwii, kisha Rosebella. Lakini Rosebella ndiye aliyeolewa kwanza! Nikafungua menyu ya Hariri, nikakata jina lake, nikalibandika mbele. Akarudi kwake Mundika ametulia.

Mchana akaja Mama Akwii kutoka Malaba. Alitaka kujua kwa nini yeye, aliyemuuguza mzee mpaka mwisho, atajwe nyuma ya mtu aliyefika hospitalini mara moja. Simlaumu. Namlaumu marehemu.

Kazi hii isiharibike. Baba amesema gari la matangazo likizunguka vizuri kabla ya mazishi ya Jumamosi, nabaki na studio. Likizunguka vibaya, chumba anapewa muuza vifaranga, nami naenda shule ya Sigalame kufundisha.

Jumatano, 12 Machi

Nimepata! Matangazo mawili. Gari likiwa Mundika, Rosebella kwanza. Likiwa Malaba, Akwii kwanza. Nani atalifuata gari njia yote akilinganisha wajane? Digrii si bure.

Nimeyapanga kwenye kompyuta, moja baada ya jingine. Katikati nimejirekodi kidogo, kupima maikrofoni tu. Mulama, yule wa ng'ambo ya barabara anayejazia watu nyimbo kwenye simu, akachungulia dirishani kuuliza kama msomi bado anatafuta kitufe. Kwa hasira nikafungua menyu ya Faili, nikabonyeza Hamisha. Ikaniuliza: yote, au sehemu uliyochagua? Nikabonyeza la juu. Nikarudia, nikaandika jina jingine. Faili ya Mundika, faili ya Malaba. Nikampa Edris, dereva wa gari la matangazo, nikamsisitizia asizichanganye.

"Dada," akasema, "mimi husafirisha maiti. Sijawahi kuchanganya hata mmoja."

Alhamisi, 13 Machi

Sehemu uliyochagua! Sehemu uliyochagua!

Faili zote mbili zina kila kitu. Tangu asubuhi gari limetangaza, Mundika na Malaba sawasawa, kwamba mzee ameacha mjane Rosebella na mjane Akwii; halafu sauti yangu, imechoka, ikisema hawa wamama wawili wataniua kabla ya Jumamosi; halafu mjane Akwii na mjane Rosebella.

Watu wamehesabu wajane wanne. Malaba wanauliza hao wengine wana watoto wangapi na watadai shamba lipi. Wanawake wa kanisa wameshakata kitambaa cha magauni manne meusi. Nilimpigia Edris simu mpaka betri ikaisha. Hakusikia. Atasikiaje, na spika ile juu ya kichwa chake?

Ijumaa, 14 Machi

Wajane wamekuja pamoja. Kwa bodaboda moja! Watu ambao hawajawahi kukaa benchi moja. Kwa dakika nzima nilidhani nimewapatanisha. Mama Rosebella akaanza kunikaripia, Mama Akwii akamalizia sentensi zake.

Nyuma yao alikuwa Mzee Oundo, mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Nyuma yake Baba. Alikuwa akipima ukuta wangu kwa mikono. Oundo akaagiza gari litoke tena leo, liombe radhi kwa sauti yangu.

"Na safari hii, binti yangu, sema jambo moja."

Baba akasema atasikiliza kwanza, ndipo aamue kuhusu chumba.

Nimetafakari sana. Radhi moja itamuudhi mjane mmoja, hilo liko wazi. Kwa hivyo nimerekodi mbili: ile ya Mundika inaeleza kwamba kosa lilitokea Malaba, na ile ya Malaba inaeleza kwamba lilitokea Mundika. Nimechagua kila sehemu kwa uangalifu kabla ya kuhamisha. Safi kabisa. Edris ameshaondoka nazo, na Baba yuko naye kiti cha mbele. Amesema atasikiliza njia nzima.